Samaki Hawatazoeana

Mwulize muuzaji wa samaki wa mapambo, wa Mwanza au wa Dar es Salaam, kama yule samaki mweusi mwenye mabaka ya rangi ya chungwa anaweza kukaa na wale wadogo wa buluu walio pembeni yake. Mara nyingi jibu ni lile lile: "Chukua tu kaka, watazoeana." Kauli hiyo imeshatoka madukani. Imefika Bariadi, hapa kwetu mkoani Simiyu, pamoja na matangi ya kioo yanayowekwa sebuleni na kwenye mapokezi ya nyumba za wageni. Inasemwa pia kando ya mabwawa ya kufugia samaki na kwenye malambo ya mifugo, pale mtu anapotaka kumwaga ndoo ya vifaranga alivyopewa na rafiki. Nimeisikia kwa watu wenye nia njema na wenye akili zao timamu, na ndiyo sababu naona haifai kuachwa ipite. Ni kauli potofu. Inaua samaki, inamtia mfugaji hasara, na katika ukanda wetu wa Ziwa Victoria imekwisha kutugharimu kitu ambacho hakuna fedha inayoweza kukirudisha.

Wanaoitetea wana hoja nne. Kwanza, samaki hao walikaa pamoja dukani bila ugomvi. Pili, wote ni sikilidi, ukoo mmoja, kwa hiyo wanaelewana. Tatu, samaki hugombana kwa njaa, na ukiwashibisha watatulia. Nne, samaki mgeni huongeza thamani popote anapoingizwa. Hakuna hoja hata moja kati ya hizo inayosimama.

Tuanze na ya dukani. Oska, yule mwenye mabaka ya chungwa, asili yake ni bonde la mto Amazon huko Amerika Kusini, na jina lake la kisayansi ni Astronotus ocellatus. Dukani huuzwa akiwa na urefu wa kidole. Akitunzwa vizuri, ndani ya mwaka mmoja anazidi sentimita 20, na mwishowe hufika 30 na zaidi. Yule wa buluu aliyekuwa jirani yake atabaki na sentimita 10 au 12. Amani ya dukani ilikuwa amani ya watoto. Sikilidi wengi wanapokuwa wadogo huogelea kwa kundi, na fikra ya "hapa ni kwangu" huwajia wanapokomaa. Mwenye kuwahukumu kwa jinsi wanavyoishi dukani amewahukumu kabla hawajaonyesha tabia yao.

Siku wanapokomaa, simama mbele ya kioo utazame. Wawili wanachagua jiwe, au kona ya mchanga. Rangi zao zinakolea. Wanatanua mashavu hadi vichwa vinaonekana vikubwa mara moja na nusu, wanapepea mikia ili kumsukumia mpinzani maji, kisha wanaumana mdomo kwa mdomo na kuvutana huku na huku. Mtoni, anayeshindwa huogelea mita kumi akaenda zake, na mambo yanaishia hapo. Ndani ya tangi la mita moja hana pa kwenda. Utamkuta juu kabisa, kwenye pembe ya bomba la chujio, mapezi ameyabana, rangi imempauka, na mkia umeliwa ukabaki nyuzinyuzi. Mwenye tangi humwona ametulia pale akasema wamezoeana. Ukweli ni kwamba yule samaki anakufa polepole, na asubuhi moja ataelea.

Hoja ya pili, ya ukoo, ndiyo inayowapoteza wengi, kwa sababu inasikika kama ya kisayansi. Ni kweli kwamba sikilidi ni ukoo mmoja. Una spishi zaidi ya 1,700 zilizokwisha kuelezwa, nyingi zikiwa za Afrika na nyingine za Amerika ya Kusini na ya Kati, na hata sato na perege tunaowakaanga wamo. Lakini paka na simba nao ni wa ukoo mmoja, na hakuna anayewafungia chumba kimoja. Swali la kuuliza ni kila mmoja ametoka kwenye maji gani, anakula nini, na anamtendeaje jirani yake.

Maji ya mto Rio Negro, mmojawapo wa mito inayoingia Amazon, yana rangi ya chai kwa sababu ya majani yaliyooza, yana asidi, na karibu hayana madini. Humo wamo diskasi, samaki bapa kama sahani, wanaotaka maji laini yenye joto la nyuzi 28 hadi 30. Ziwa Tanganyika, kule Kigoma, lina maji magumu yenye pH inayokaribia 9. Ziwa Nyasa lina mbuna, samaki wa kwenye miamba ambao maisha yao ni kukwangua mwani kwenye mawe. Mbuna ukimlisha vyakula vya nyama anavyolishwa oska, tumbo humvimba akafa. Oska naye ukimpa mbuna, atamla. Tangi lenye diskasi, mbuna na samaki wa Tanganyika kwa pamoja, hata kama hakuna anayemgusa mwenzake, lina maji ambayo lazima yamwumize mmoja wao. Na mtu wa Bariadi hana haja ya vifaa vya maabara ili aanze kujua maji yake. Kama sabuni haitoi povu kwa maji ya kisima chako, maji hayo ni magumu. Diskasi hatayaweza mpaka ukinge ya mvua, na samaki wa Tanganyika atayafurahia.

Wala sisemi sikilidi wa Amerika Kusini wasifugwe. Ni samaki wazuri mno. Diskasi hunyonyesha watoto wake ute unaotoka kwenye ngozi ya baba na mama, na oska humjua anayemlisha akamfuata kwenye kioo. Wafugwe, ila wafugwe kwa hesabu. Oska anataka tangi la lita 400 na zaidi, na wenzake wawe wale wasiotosha mdomoni mwake na wasiopenda vita: severamu, samaki bapa wa fedha waitwao Metynnis, na kambare wakubwa wa kunyonya mwani wa huko huko kwao. Skalare, yule mwenye mapezi marefu kama tanga, akae na kambare wadogo wa jamii ya Corydoras na tetra wenye miili mipana. Wale tetra wembamba waitwao neoni asiwekewe, kwa maana akikua atawala, na si kwa ukorofi: samaki wadogo kama hao ndio riziki yake porini. Geophagus, wanaochekecha mchanga mdomoni kutafuta chakula, watandikiwe mchanga laini, kwa kuwa kokoto kali huwachana. Matangi yaliyopangwa hivyo hudumu miaka mingi. Amani yake ilipangwa kabla samaki hawajanunuliwa.

Hoja ya tatu inasema ugomvi ni njaa. Kama ingekuwa hivyo, sikilidi aliyeshiba angekuwa mpole. Mambo ni kinyume. Sikilidi hupigania mahali pa kutagia, jike au dume, na watoto wake, kuliko anavyopigania chakula. Aliyeshiba ndiye huwahi kutaga, na anayetaga ndiye huwa mkali kupita wote. Kwa hiyo mfugaji anayeongeza chakula ili kununua amani anaharakisha vita. Tena chakula kinachobaki huoza, kinatoa amonia, na amonia humchoma samaki matamvua hata asiyekuwa na adui.

Wapo wafugaji wazoefu wanaoitetea kauli hii kwa njia ya busara zaidi. Wanasema mbuna wakijazwa wengi katika tangi moja, mkali hukosa mtu mmoja wa kumwonea, na ukali wake husambaa usimwue yeyote. Hilo ni kweli, nami nalikubali. Lakini angalia linavyotaka: samaki wa ziwa moja, wenye ukubwa unaolingana na chakula kimoja, chujio lenye nguvu lisilozimwa, na maji kubadilishwa kila wiki kwa kiasi kikubwa. Hayo yote ni hesabu. Na hapa kwetu kuna jambo moja la kuongeza, nalo ni umeme. Ukikatika saa sita usiku, pampu inasimama, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Tangi lililojazwa kupita kiasi linaweza kuamkia maiti. Anayefuga Bariadi, Maswa au Mwanhuzi aweke samaki wachache kuliko anavyoshauriwa mfugaji wa Ujerumani.

Mkoa wetu una mfano mwingine wa hesabu hiyo, nao uko nje ya sebule. Ufugaji wa sato na kambare katika bwawa moja unafanya kazi, na watu wa "watazoeana" huutaja kama ushahidi wao. Mwulize mfugaji anayejua kazi yake anavyofanya. Anaanza na sato, anawaacha wakue mpaka wasitoshe kumezwa, ndipo anaingiza kambare wachache walio wadogo kuliko hao sato. Kambare anakula vifaranga ambavyo sato huvizaa bila kikomo, bwawa halijai samaki waliodumaa, na sato waliobaki wanakua wakafika sokoni. Geuza mpango huo, tanguliza kambare wakubwa, na ndoo nzima ya vifaranga vya sato itaisha kabla ya mwezi. Samaki ni wale wale wawili na bwawa ni lile lile. Kilichotofautisha faida na hasara ni ukubwa, idadi na nani ametangulia. Anayeutumia mfano huo kusema samaki huzoeana anaushuhudia dhidi yake mwenyewe.

Sasa nije kwenye hoja ya nne, iliyo nzito kuliko zote: kwamba mgeni huongeza thamani. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Ziwa Victoria, ambalo mkoa wa Simiyu unaligusa kwa wilaya ya Busega kwenye Ghuba ya Speke, lilimpokea mgeni, na wenyeji hawakupona.

Wenyeji hao ni furu. Ni sikilidi wadogo, wengi hawazidi kiganja, na ziwa lilikuwa na spishi zao zipatazo 500 au zaidi, karibu zote zikiwa hazipatikani kwingine duniani. Walikuwepo wala mwani, wavunja konokono, wala wadudu, wala magamba ya wenzao, na hata waliowapora majike watoto waliowabeba mdomoni. Uchunguzi wa nyavu za kukokota uliofanywa ziwani mwaka 1969 hadi 1971 ulikuta kwamba karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ulikuwa furu. Maofisa wa uvuvi wa kikoloni waliwatazama wakaona taka: wadogo, wenye miba, wasio na bei. Wakasema aletwe samaki mkubwa awale furu, taka igeuke minofu. Ndivyo sangara alivyoingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, samaki anayeweza kufika urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Haikufanyika kwa kukosa maonyo. Mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 kupinga mpango huo, akieleza kwamba mla nyama mkubwa hivyo hana mahali katika ziwa la namna hii. Hakusikilizwa.

Kwa takriban miaka 20 ilionekana kama wale wa "watazoeana" wameshinda. Sangara alikuwepo na furu walikuwepo. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 upande wa Kenya na katika miaka ya 1980 upande wetu, sangara wakafumuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, walioanza kazi Mwanza mwaka 1977 pamoja na Watanzania, walikuwa bado wanawapa furu majina pale nyavu zilipoanza kurudi bila furu. Inakadiriwa spishi zipatazo 200 zilitoweka. Baadhi wamerudi tangu miaka ya 1990, hasa baada ya sangara kuvuliwa kwa nguvu, lakini wengi hawaonekani tena. Ngege, sikilidi mkubwa aliyekuwa kitoweo cha heshima kote ziwani, naye amebaki katika viziwa vya pembeni na mabwawa machache. Alivuliwa kupita kiasi, kisha sato aliyeletwa katika miaka hiyo hiyo akamsukuma pembeni na kuzaana naye.

Nitaambiwa sangara ameleta viwanda vya minofu Mwanza na Musoma, ajira na fedha za kigeni. Ni kweli, na sitaipunguza kweli hiyo. Lakini mapato hayathibitishi kwamba uamuzi ulikuwa sahihi. Yanathibitisha kwamba watu wanajua kutafuta riziki katika hali yoyote wanayoikuta. Furu alianikwa juani akakauka bila gharama. Sangara ana mafuta mengi, ilibidi akaangwe au akaushwe kwa moshi, na kuni zikakatwa kwenye kingo za ziwa ambazo miti ilikuwa imeshapungua. Minofu ilisafirishwa nje, na mama wa Lamadi aliyekuwa akinunua fungu la furu kwa sarafu akabaki kununua vichwa na mifupa. Hesabu isiyomtaja mama huyo haijakamilika.

Na asidhani mtu kwamba hayo ni mambo ya sangara peke yake, kwamba sikilidi wa mapambo hawana madhara. Amerika Kusini yenyewe ina sikilidi mla nyama aitwaye Cichla, mwenye rangi za kuvutia na doa kama jicho mkiani. Katika miaka ya 1960 alifugwa bwawani nchini Panama, akatoroka, akaingia mto Chagres na Ziwa Gatun. Mwaka 1973 watafiti Zaret na Paine walitangaza kwamba samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo karibu wote walikuwa wamefagiliwa. Wengine waliporudi kuchunguza, miaka 45 baada ya kuingia kwake, walikuta jamii ya samaki wa asili bado haijarejea. Oska naye amejaa katika mifereji ya Florida kwa sababu ya watu waliomfuga. Hakuna aliyekusudia mabaya. Kila mmoja aliamini kwamba samaki watazoeana.

Ndipo ninapomgeukia msomaji wa Simiyu. Mito ya mkoa huu, Simiyu na Duma pamoja na vijito vyake, hutiririka kuelekea Ghuba ya Speke. Kiangazi hukauka vikabaki vidimbwi, na mvua kubwa ikija malambo hufurika na kila kilichomo hufuata maji. Oska aliyekushinda sebuleni ukamtupa kwenye lambo la mifugo, umemtuma ziwani. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaweka utaratibu wa vibali kwa samaki hai wanaoingizwa nchini, lakini hakuna ofisa anayeweza kusimama kwenye kila lambo la Itilima na Meatu. Mlinzi wa lambo ni wewe mwenye ndoo.

Nina ombi jingine kwa anayetaka tangi la kupendeza. Acha kuamini kwamba uzuri uko Amazon tu. Katika visiwa vya mawe vya Ziwa Victoria yupo furu mwekundu na wa manjano aitwaye Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Wafugaji wa Ulaya na Marekani humtafuta, na wapo furu wengine ambao leo wanaendelezwa kwenye matangi ya huko kwa sababu ziwani hawaonekani. Tazama furu jike anavyotaga: anazunguka na dume, anadondosha mayai machache, anageuka upesi kuyaokota mdomoni. Dume anatandaza pezi lake la chini lenye madoa ya njano yaliyo kama mayai, jike anajaribu kuyaokota nayo, na hapo mayai yaliyo mdomoni yanapata mbegu. Kisha kwa wiki mbili au tatu koo linamvimba na karibu hali kitu, mpaka atakapofungua mdomo watoto watoke. Jirani mkorofi akimfukuza katika siku hizo, ama atawatema ama atawameza. Hata furu kwa furu, basi, uchaguzi ni lazima.

Na uchaguzi wao una sharti lake. Majike wa spishi tofauti hufanana mno, na humtambua dume wao kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji ya ziwa yakichafuka, mwanga ukafifia, majike hushindwa kutofautisha mwekundu na wa buluu, spishi zikachanganyika. Kwa hiyo usiweke spishi mbili za karibu katika tangi moja, usiweke madume wawili wa rangi moja katika nafasi ndogo, na kila dume awe na majike kadhaa na mawe ya kujificha. Kabla ya kuchukua furu yeyote ziwani, mwone ofisa uvuvi wa wilaya, au wataalamu wa taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, na wa chuo cha uvuvi cha Nyegezi, Mwanza, wakueleze yupi anaruhusiwa kuchukuliwa.

Muuzaji atakapokuambia tena kwamba watazoeana, mwulize maswali matatu: huyu akikomaa atakuwa na urefu gani, ametoka kwenye maji ya namna gani, na anakula nini? Kama hana majibu, rudi nyumbani na fedha yako. Kama umeshanunua ukakosea, mrudishe dukani, mpe mwenye tangi kubwa, au mwue, lakini usimmwage mtoni wala kwenye lambo. Samaki mmoja aliyekufa sebuleni ni hasara ya mtu mmoja. Aliyeachiliwa hai mahali pasipo pake ni hasara ya Ghuba ya Speke nzima, na haina wa kuilipa.